Phyllis Kwamboka na Baraza la Wanaume Kumi na Wawili

Marehemu Phyllis Kwamboka Ombati alizaliwa tarehe 3 Juni 1978 huko Nyamira, Kenya, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ombati na Mama Bosibori, ambao wote wametangulia. Anayesoma maneno haya mbele yenu hapa Doha ni Douglas, kaka yake mkubwa.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1996. Huko ndiko alikoupenda mchezo wa kuigiza ulioandikwa Uingereza mwaka 1911. Ndani yake, mwanamke asiye na mume anashtakiwa kwa kukataa kutoka katika nyumba ya marehemu baba yake. Baraza la wanaume kumi na wawili linaamua kesi bila kumuuliza swali hata moja, ilhali yuko pale pale akiwakandia unga wa mkate. Wakati wa likizo Kwamboka aliwaigiza wote kumi na watatu peke yake jikoni, na ugali uliungua mara nyingi.

Alifika hapa Doha, Qatar, Septemba 2009, akaajiriwa kusafisha vyumba katika hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd. Mwaka 2016 alipandishwa kuwa msimamizi wa ghorofa. Shuka lenye kunyanzi halikumpita, lakini alijua jina la kila mtoto wa kila mfanyakazi mwenzake.

Ijumaa tarehe 17 Novemba 2017 aliuonyesha mchezo ule, kwa Kiswahili chake mwenyewe, katika sebule ya nyumba waliyopanga Wakenya wenzake mtaa wa Muaither. Wanawake aliwavika tai wakawa baraza. Wanaume, wengi wao askari wa ulinzi, aliwafunga aproni. Douglas, dereva mwenye kitambi, akawa mshtakiwa, na akaonywa asifungue mdomo. Alikanda unga dakika ishirini nzima huku akina dada wakimjadili kana kwamba hayupo. Mwisho uzalendo ukamshinda: "Jamani, si mniulize na mimi!"

Maneno hayo hayakuwamo mchezoni. Watu walicheka hadi machozi. Kwamboka hakucheka, alimtazama tu kaka yake, akasema, "Sasa umeshika, Douglas." Jamani, siku zile! Chapati za mwenzetu Wanjiru, unga hadi kwenye zulia, na hakuna aliyetaka kurudi kwenye kambi za wafanyakazi.

Hakuolewa. Yeye alilisema hilo bila kunong'ona, nasi tusinong'one leo. Alijaliwa binti mmoja, Chelsea, mwaka 2001, akamlea kwa jasho lake mpaka akamaliza chuo kikuu.

Machi 2023 alipatikana na saratani ya matiti. Alitibiwa hapa Doha, na kila alipopata nguvu alirudi kazini. Januari mwaka huu alimuuliza Douglas, "Mtanilaza wapi, kaka?" Aliijua desturi ya ukoo: binti ambaye hakuolewa huzikwa nje ya ua. Yeye alitaka kulala kando ya mama yake. Douglas alimjibu, "Tutaona." Lilikuwa jibu la woga, na linamuuma hata sasa. Alifariki hospitalini Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, kabla kaka yake hajampa jibu la maana.

Juzi baba mdogo Laban alipiga simu kutoka Nyamira. "Vijana wako tayari. Tunachimba nje, pale kwenye mikaratusi."

"Hapana, baba mdogo. Chimbeni ndani, kando ya mama."

"Pale ni mahali pako, wewe mwana mkubwa. Wazee wameshaamua."

"Basi mpeni yeye mahali pangu."

"Na wewe tutakuzika wapi?"

"Mimi mtanizika nje, kwenye mikaratusi."

Baba mdogo akauliza jeneza lina urefu gani.

Atazikwa Jumamosi tarehe 22 Februari 2025, ndani ya ua. Ameacha binti yake Chelsea, kaka yake Douglas, wadogo zake Owen na Carolyne, na wenzake wengi wa Al Sadd na Muaither.

Kwamboka, mdogo wangu, unarudi nyumbani kwa baba yako. Pumzika kwa amani; hakuna atakayekutoa.