Ile Video ya Harusi ya Osukuru

Wenzangu, mwenyekiti ameniomba niongee kwa upole na nisimtaje mtu. Kumtaja sitamtaja. Upole sijaahidi, maana hii hasira nimeibeba muda mrefu na leo nimekuja nayo.

Kwa wageni, sisi wa chama hiki ni walemavu. Tunavusha mizigo hapa mpakani Busia kwa baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuzungusha kwa mikono. Mimi kwetu ni Mulanda, na nilizaliwa na miguu mizima. Nilikuwa nauza mitumba. Kwanza jicho moja likauma na kufifia, likarudi. Baadaye miguu ikafa ganzi, ikakataa kabisa. Kliniki wakasema malaria, kisha wakasema mawazo. Ndugu zangu, mawazo gani yanamfanya mama mzima ajikojolee njiani?

Nikaja kwenu mkanipa baiskeli. Nikavusha unga na sabuni, nikala jasho langu, na nilikuwa na furaha.

Halafu miguu ikarudi. Wakati huohuo mdogo wangu akaolewa kule Osukuru. Nani asingecheza? Nilicheza mpaka nikavua viatu. Mtu mmoja wa chama hiki alikuwepo, akanirekodi kwa simu. Anajijua, na sasa hivi anaangalia chini.

Siku ya mkutano wetu miguu ilikuwa imekufa tena. Nilikuja nikitambaa kwenye saruji hii hii, na nyinyi mnapitisha simu mkono kwa mkono mkicheka.

"Huyu nacheza na sisi," mmoja akasema. "Mlemavu gani nakata kiuno namna hii? Simama basi, nyabo. Simama tuone."

Nikajaribu. Nikaanguka. Mkasema hata kuanguka naigiza, mkachukua baiskeli.

Nyinyi, ambao kila siku mnaambiwa pale mpakani kwamba mnajifanya vilema mpitishe mizigo bila ushuru. Angekuwa mtu mwenye miguu yake, ningesahau upesi. Lakini nyinyi.

Mama mmoja kati yenu, anayevusha mayai, alinifuata nyumbani. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza tu, "Huu ugonjwa wa kuja na kurudi, umeuonyesha daktari wa mishipa ya fahamu?" Yeye na dada yangu wakanipeleka Kisumu.

Kipimo kinaitwa MRI. Unalazwa ndani ya mashine kama pipa kubwa, unaambiwa usitingishike, na inagonga kama watu wanapigilia mabati. Katikati wakanidunga dawa mkononi, wakapiga picha nyingine.

Daktari akanionyesha ubongo wangu na uti wa mgongo. Vyote vina madoa meupe. Akasema mishipa ya fahamu ina ganda, kama waya wa umeme na mpira wake, na kinga ya mwili wangu inalishambulia hilo ganda. Ugonjwa unaitwa MS. Doa moja liling'aa kwa ile dawa, akasema hilo ni jipya. Mengine hayakung'aa, hayo ni ya zamani.

"Uvimbe wa hilo doa jipya ukishuka, miguu inaweza kurudi," akasema. "Kovu linabaki ndani."

Nikamuuliza, mtu anaweza kucheza harusini, baada ya siku chache akatambaa?

"Anaweza, mama. Wengi wanafika hapa wameshaitwa waongo."

Nililia. Ugonjwa wenyewe haukuniliza. Nililia kwa sababu mtu ameniamini.

Sasa nina dawa. Haiponyi, lakini miguu haifi ganzi ovyo kama zamani. Na nilipowaletea ile picha, mliinyanyua dirishani, mkanirudishia baiskeli papo hapo. Nawaambia leo: mlikuwa mmeishika juu chini. Hakuna aliyejua anaangalia nini. Mliiamini kwa kuwa imetoka kwenye mashine, na mimi nilikuwa hapo chini miguuni penu hamkuniamini.

Asante dada yangu. Asante mama wa mayai. Asante daktari, popote alipo. Na nyinyi wengine, mashine ile iko mbali na wengi hawataifikia. Atakuja mtu hapa, leo anatembea, kesho anatambaa, na hana picha yoyote. Mpeni baiskeli.

Na wewe mwenye ile video, usiifute. Nitumie. Sijui kama nitacheza tena vile, na sina nyingine.