Shangazi Haisomeki na Kitufe Kilichofaulu

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, tarehe 30 Juni anatuaga mpimaji wetu wa tovuti, ambaye ofisi nzima, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, inamwita Shangazi Haisomeki. Nimepewa kazi ya kueleza alichokuwa akifanya. Nimekaa naye meza jirani miaka tisa na bado sina hakika kama nitaweza.

Aliajiriwa kupanga kurasa za vipeperushi. Vipeperushi vilipohamia kwenye kompyuta, naye akahamia huko, akaangukia kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuhakikisha maandishi ya tovuti yanasomeka hata na mtu mwenye macho hafifu. Kifaa chake ni programu ndogo. Unaipa rangi ya herufi na rangi iliyo nyuma yake, nayo inakupa namba ya jinsi zinavyotofautiana. Ikifika nne na nusu, maandishi ya kawaida yamefaulu. Isipofika, Shangazi anapaza sauti kwa lile neno lake moja, “Haisomeki!”, na wabunifu wanashika vichwa.

Mtu angedhani namba ni namba. Wapi! Kuna wiki tulipima watatu kichwa kimoja cha habari, tukapata majibu matatu, nusura tununiane. Kumbe mmoja alichukua rangi katikati ya herufi, na sisi wawili tuliichukua pembeni, kila mmoja mahali pake, pale herufi inapofifia na kuchanganyika na rangi ya nyuma. Shangazi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akapima yeye, akapata jibu la nne. Hilo hatujalielewa mpaka leo.

Mwaka huu mambo yakazidi kutuchanganya. Tulikuwa tunatengeneza ukurasa wa wagonjwa kuomba miadi ya kliniki, wenye kitufe cha kijani chenye neno Thibitisha kwa herufi nyeupe. Programu ilikipitisha. Shangazi akakikataa. Tukapima kwa programu nyingine, kikafaulu tena, akakikataa tena. Mbunifu alifura, mteja akawa anaulizia ukurasa wake, na mimi nikawa namwamini kila aliyesema mwisho. Shangazi mwenyewe alikuwa haelewi. Alitazama namba, akatazama kitufe, akasema hivi viwili haviwezi vyote kuwa kweli.

Aliyetutoa gizani ni binti yake, aliyechoka kumwona mama akifuta miwani iliyo safi. Alimburuta mpaka kwa daktari. Mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Kesho yake Shangazi alisimama mbele yetu akaomba kila alichokikataa mwaka huu kipitishwe, maana kilikataliwa na macho mabovu. Programu ilikuwa sahihi. Na yeye hakutudanganya: neno lile kweli hakuliona. Ndipo mbunifu, yule yule aliyefura, akauliza wagonjwa watalionaje, maana kliniki yenyewe ni ya macho. Palepale akakikoleza kitufe. Sasa ni kijani cha kukaribia weusi, kibaya kwelikweli, na wagonjwa wanakibonyeza kila siku.

Je, ni Shangazi aliyekuwa sahihi, au ni programu? Tunabishana hadi leo wakati wa chai, na kila siku ninabadili upande.

Shangazi, asante kwa kila ukurasa uliotukatalia. Tunakutakia mapumziko marefu, afya njema na vicheko vingi pamoja na binti yako. Mwezi ujao unafanyiwa upasuaji, na uliniambia unachoogopa si kisu, bali kufumbua macho na kugundua kwamba ulitusumbua bure. Fumbua tu, usiogope. Kisha fungua ule ukurasa. Utakiona kitufe vizuri, utashtuka kilivyo kibaya, na utataka kutupigia simu tukirudishe kama kilivyokuwa.

Hatutakirudisha.