Nilichokikuta Kwenye Waifai ya Shemeji

Haya kina mama, mmenisimamisha hapa niwaambie jinsi nilivyosamehe. Niseme ukweli mapema, asiyetaka kusikia aende akaangalie chai: sijasamehe. Mama mwenyekiti, usinitolee macho, nitafika mahali pa kushukuru. Na jina la mtu sitaji. Nitasema shemeji, basi.

Bwanangu alipotuacha nilibaki na nyumba yetu ya mawe pale Waithaka, boma moja na ndugu yake. Kazi yangu mnaijua. Nasoma vitabu vya shule kwa sauti, narekodi kwa laptop, halafu natuma kwa ofisi moja huko mjini ili watoto wasioona wavisikilize. Sura moja ni faili kubwa, na lazima ifike kabla ya saa kumi jioni. Hiyo kazi ndiyo ilikuwa imenishikilia kwa hiyo nyumba. Bila hiyo kazi ningerudi kwetu na vitanda vyangu.

Waifai ilikuwa moja, kasanduku kako sebuleni kwa shemeji. Siku moja faili zikaanza kukataa. Unabonyeza tuma, ule mstari unatembea, unatembea, unakaribia mwisho, unasimama. Halafu unaambiwa ujaribu tena. Ndugu zangu, nilijaribu tena mpaka kidole kikaota sugu! Ujumbe mdogo ulienda. Video ziliingia sawa kabisa. Lakini kutuma sura nzima, wapi. Nikazima, nikawasha. Nikahamia dirishani. Nikafuta picha za harusi yangu nikidhani laptop imejaa. Nisikizeni hapo. Picha za harusi, na mwenye harusi amelala kaburini. Hizo sitamsamehe shemeji hata mkiniombea mwaka mzima.

Yule mama wa ofisi akanipigia simu. "Mama, hii ni mara ya tano unachelewa. Nikikosa sura ya Ijumaa, hicho kitabu nitampa mtu mwingine."

Nikalia. Na nani alikuja kunifariji? Shemeji, na chupa ya chai mkononi. "Pole sana, shem. Hizi kazi za mtandao zitakuua bure. Si urudi kwa mamako upumzike kidogo? Nyumba tutakuangalilia." Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea. Nikasema amina! Nikamwambia na asante!

Kesho yake nikabeba laptop hadi River Road, kwa dada mmoja wa hiki kikundi, mwenye ameketi pale nyuma akijifanya hanijui. Ana kaduka ka kutengeneza kompyuta. Nikamwaga yote. Akaniambia, "Mama, shida yako unabadilisha vitu mingi mara moja. Badilisha kitu moja, jaribu, andika. Na faili ikuwe ile ile."

Tukajaribu sura ile ile pale pale dukani. Ikaenda kabla sijamaliza soda. Nikaandika kwa daftari: laptop ni nzima. Nikarudi Waithaka nikatumia bando za simu, ikaenda. Nikaandika. Nikaweka waifai, ikakufa. Nikaandika. Nikampigia dada, akasema, "Sasa kuja uchukue laptop yangu, ujaribu nayo kwa hiyo waifai."

Faili ile ile, kiti kile kile, waifai ile ile. Ikaenda! Nikarudi kwa laptop yangu, ikasimama. Ya dada, ikaenda tena. Sura ya Ijumaa nikaituma hivyo, lakini mwenyewe alihitaji laptop yake. Nilipompigia nikamsomea daftari, akasema, "Mama, waifai si mbovu. Laptop yako si mbovu. Kuna mtu ameingia kwa hako kasanduku akakaambia, huyu mmoja, usimwachilie."

Nawaambia, damu ilinipanda mpaka masikioni.

Jumamosi asubuhi, shemeji akiwa kwa kinyozi, tulibisha kwake mimi na dada. Nikamwambia mkewe tunataka kujua kwa nini waifai inanisumbua. Akasema ingieni, akainua kile kitambaa cha kufuma alichofunikia kasanduku. Password ya kuingia ndani ilikuwa chini yake, kwenye kile kikaratasi cha kiwandani. Mtu mjanja wa kunihujumu, kubadilisha hiyo hakukumbuka. Dada akafungua orodha. TV ya sebuleni. Simu ya Baba. Simu ya Mama. Halafu laptop yangu, na jina alilolipa kwa mkono wake mwenyewe: Mpangaji. Kando yake ameweka kikomo cha kutuma, kidogo hata picha moja ingepita ikichechemea.

Mpangaji! Kwa nyumba niliyobebea maji ya kukoroga simiti nikiwa na mimba ya miezi saba. Mkewe aliisoma, akaketi chini, machozi yakamtoka. Dada akaniuliza, "Nikitoe hicho kikomo?" Nikamwambia, "Ngoja kwanza nipige picha."

Jumapili baada ya ibada nikaita wazee wa familia, ile picha ikapita mkono kwa mkono. Shemeji akasema kasanduku kalijiwekea. Mzee mmoja akamuuliza, "Na hako kasanduku kanajua neno mpangaji?" Wazee wakasema nyumba ni yangu na mambo yaishe hapo. Kwao yakaisha. Kwangu ndiyo yalikuwa yanaanza.

Nikavuta waifai yangu mwenyewe, nikatulia. Haukupita muda, siku ya ruracio ya binti yake, mahari ikiletwa, lori likakata waya wao. Wageni wako sebuleni, na jamaa wa bwana harusi walioko ng'ambo wanataka kufuata kwa video. Shemeji huyo mlangoni kwangu. "Shem, tafadhali, nisaidie na waifai."

"Karibu sana, shem," nikamwambia, nikamwandikia password kwa karatasi: nilimhujumumjane.

Akaiangalia. "Si ubadilishe kwanza?" Nikamwambia sijui kubadilisha. Huo ulikuwa uongo, na huo nimeutubu.

Nikamfuata nikasaidie kubeba chai. Mjomba wa bwana harusi akavaa miwani, akashika simu. "Mkwe, password ni gani?" Shemeji akanong'ona. "Hatusikii!" Jasho lile, kina mama, nililitazama likishuka mpaka kwa kola. Akasema kwa sauti, "Nilimhujumu mjane. Herufi ndogo zote, bila nafasi." Sebule nzima ikaandika. Mkewe, aliyekuwa akipakua njahi, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mimi nilipata raha ambayo sijaipata tangu nifiwe.

Namshukuru dada yule pale nyuma, simama wakuone. Namshukuru mke wa shemeji, aliyefungua mlango wake. Na nyinyi mlioniletea unga nikilia ovyo. Funzo langu ni hili: kitu kikikukatalia, usikimbilie kujilaumu. Badilisha kimoja kimoja, andika, mpaka abaki yule mwenye makosa.

Mnasema nibadilishe hiyo password. Nitafikiria. Juzi shemeji alinunua simu mpya na waya wao bado haujarudishwa, akaja kuomba tena. Nilisimama hapo mlangoni nikamsomea herufi moja moja, polepole, na kila alipokosea nikamwambia aanze upya.