Mshale wa Chaki wa Mzee Mbele

Ndugu wafiwa, majirani, na mafundi ambao asubuhi ya leo mmezima mashine zenu mkaja kutushika mkono, poleni, na asanteni. Familia imempa shemeji wa marehemu, mkereza mstaafu, kazi ya kuwasomea maisha yake, naye ni mtu asiyezoea kusimama mbele za watu bila aproni, basi akikwama msimcheke, au mcheke kidogo tu, maana marehemu mwenyewe angecheka.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Mbele, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya sita wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa kuifungua kengele ya umeme ya shule, ingawa aliirudisha ikiwa inalia vizuri zaidi, kisha akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu fani ya umeme tarehe 28 Novemba 1969.

Tarehe 5 Januari 1970 aliajiriwa katika karakana ya vipuri, akapewa meza karibu na dirisha, na kazi ambayo wenzake waliikimbia, yaani kutengeneza swichi za kugeuzia mzunguko wa mota za mashine za kukereza, yaani za kuzungusha chuma kikichongwa, swichi zenye mkono mmoja unaosukumwa mbele au kurudishwa nyuma. Wasioijua kazi hii waelewe jambo moja tu, kwamba nyaya mbili zikibadilishana nafasi ndani ya swichi hiyo, mota huzunguka kinyume, na mashine ya zamani ikizunguka kinyume, kile kishikio kizito cha chuma kinachobana kazi, ambacho hufungwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi za skrubu kama kifuniko cha chupa, hujifungua chenyewe na kuchomoka.

Historia hii haiwezi kuipita siku ya Jumanne, tarehe 9 Mei 1972, na marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza isipitwe. Siku hiyo, saa sita kasorobo mchana, akiwa na haraka ya kwenda kula, alirudisha swichi kwenye mashine namba tatu, akakaza skrubu, akamwambia mkereza kwamba iko tayari, bila kuijaribu. Mkereza akasukuma mkono wa swichi mbele, mashine ikaenda nyuma, kishikio kikachomoka na kumwangukia mkono wa kushoto, vidole viwili vikapotea palepale. Mkono huo ndio ulioshika karatasi hii.

Marehemu hakutafuta wa kumsingizia, ingawa angesema swichi ilikuwa mbovu wengi wangemwamini, bali alisimama mbele ya msimamizi, damu ya mwenzake ikiwa bado kwenye shati lake, akasema kosa ni lake. Kwa majuma saba alifika nyumbani kwa mkereza kila jioni, akichota maji, akipasua kuni, hata akimkata kucha za mkono wa kulia, na kwa majuma matatu ya kwanza mkereza hakumjibu hata salamu, jambo ambalo leo anaona haya kulisoma. Aliyemsemesha ni dada wa mkereza, mpiga chapa wa ofisi ya posta, aliyesema kwamba mtu anayenuniwa kila siku na bado anakuja, huyo apewe kiti. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Desemba 1974, na pete ilishikwa na kaka wa bibi harusi, kwa vidole vitatu vilivyobaki.

Tangu ajali ile, marehemu hakukabidhi swichi yoyote kabla ya kukitoa kishikio, kuchora mshale wa chaki kwenye kapi, lile gurudumu la mkanda wa mashine, kuonyesha upande wa mbele, kumwomba mkereza arudi hatua tano, na kuwasha kwa mkono wake mwenyewe, mbele, simama, nyuma, simama, na mashine ikiufuata mshale alisema maneno yaleyale, kwamba mbele imekuwa mbele. Watu walichoka kumsubiri, mabosi wawili walimfokea, jina la utani likamganda, hata harusini vijana wakawa wanampeleka viti vya mbele wakidhani ni kiongozi, naye hakukataa. Alistaafu tarehe 30 Juni 2006, na katika miaka yote hiyo thelathini na minne hakuna mwingine aliyeumizwa na kazi yake.

Walijaliwa watoto watatu, mwalimu aliyezaliwa mwaka 1976, mshona viatu aliyezaliwa 1979, na binti, kitindamimba, aliyezaliwa 1985 na kuufuata umeme, ambaye alikaa na baba yake kwenye meza ya kazi barazani kwa miaka kumi na saba. Pamoja na vyeti vyake vyote, baba alimtambulisha kwa wateja kama msaidizi wake, binti akinung'unika na mama akimtetea, maana neno fundi kwa marehemu lilikuwa ghali, na hata yeye mwenyewe hakujiita hivyo tangu mwaka ule wa 1972.

Alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Agosti 2021, na Jumanne, tarehe 23 Mei 2023, alizidiwa jioni akitoka kufunga swichi katika karakana ya jirani, akalazwa. Kesho yake saa moja asubuhi alikataa sindano, akakataa chai, akamwambia daktari kwamba hakumbuki kama aliijaribu ile swichi, na hatatulia mpaka mtu aende. Binti alikwenda mbio, akamkuta mkereza wa pale anafunga aproni, na kwenye kapi akaona mshale wa chaki ulioanzwa bila kumaliziwa. Alikitoa kishikio, akawasha, na mashine ikaenda nyuma. Basi alikata umeme, akabadilisha nyaya mbili, akajaribu mara tatu, akaumalizia mshale, akarudi hospitali na kumwambia baba yake kwamba mbele imekuwa mbele.

Marehemu alimtazama, akauliza, "Uliikuta hivyo, au umeifanya iwe hivyo?"

Binti hakuweza kumdanganya, akajibu kwamba ameifanya iwe hivyo.

Machozi yalimtoka baba, kisha akamshika mkono akasema, "Asante, fundi." Ndipo akakubali sindano.

Alifariki dunia Ijumaa, tarehe 2 Juni 2023, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka 72, miezi miwili na siku kumi na tisa, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake juu ya swichi za vitanda, majirani waliotupikia na kutufagilia uwanja, na wafanyakazi wenzake waliombeba leo kwa mikono iliyo salama, vidole vyote kumi, kwa sababu yeye alisimama mbele ya mashine kabla yao.

Shemeji, yule uliyemwumiza alikusamehe zamani sana, na hukuwahi kumwuliza, basi leo anakwambia mbele ya watu wote. Kazi yako imejaribiwa, fundi. Pumzika sasa, kwa amani.