Picha za Maylén Zimeingia Wapi

Benchi la kona yetu ya Tivolí, hapa Santiago de Cuba, lina miguu mitatu na tofali, na kila asubuhi hukaliwa na walewale: Pengwini, mpiga picha mwenye kompyuta iliyobakiwa na skrini nyeusi ya kuandikia amri tu, Tarumbeta, aliyeacha kupuliza siku meno yalipomwacha, na bibi Eneida mwenye birika la kahawa, ambaye habari za mtaa humfikia kabla hazijatokea. Siku hiyo hata umbea haukumpanda. Jioni mjukuu wake Maylén anatimiza miaka kumi na tano, umri ambao huku msichana hufanyiwa sherehe kubwa, gauni la kuazima limesharudi kwa wenyewe, na picha zake zinatakiwa kumulikwa ukutani mbele ya ukoo mzima. Sasa Pengwini kaandika ls, amri ya kuorodhesha vilivyomo, na kompyuta haikutaja kitu.

— Patupu, mama Eneida.

— Kama kichwa chako. Andika tena.

Akaandika. Kimya.

— Umeme huo, akasema Tarumbeta. Juzi ulikatika picha zikiwa ndani. Zimeondoka nao.

— Zimeondoka kwenda wapi, we mzee?

— Kwenye nguzo. Ukirudi kwa pupa, Maylén atatokea kwenye televisheni ya mtu.

— Kijicho hicho, akasema Pengwini. Mtu kaja kwangu na diski kunakili tamthilia, kaona mtoto kapendeza, kazifuta.

— Mke wangu Damaris huja kunakili kila wiki, akasema Tarumbeta. Kazifuta yeye?

Pengwini akakohoa.

— Damaris sijamtaja.

Eneida akakisikia kile kikohozi, akakiweka akiba.

— Basi ni gauni, Tarumbeta akaendelea. Lilikuwa la marehemu Zoraida. Mzuka wake umezifuata picha.

— Pengwini, mwanangu, jioni ukuta ukibaki mtupu, nitakutundika wewe.

Muuguzi mgeni, aliyekuwa akisubiri lori la abiria na kikombe cha Eneida mkononi, akainama kutazama.

— Samahani jamani. Mmeiambia itaje na zilizofichwa? Ongeza kistari na a.

Pengwini akajipiga paji la uso. Wenye diski wakija, yeye mwenyewe huficha folda za wateja kwa kuanza jina na nukta, na ls ikikuta nukta mbele hupita kama mlinzi aliyepewa chochote. Vidole vikaandika kabla akili haijakumbuka kingine alichoficha.

— Hii hapa, .maylen, akasoma muuguzi. Na huyu .damaris wa juu yake, naye anatimiza kumi na tano?

Tarumbeta akaweka kikombe chini, taratibu, akaanza kukunja mikono ya shati.

Eneida akalisogeza birika mbali naye.

— Pengwini, ninakilie za mjukuu wangu kwanza. Halafu mpigane.