Siku Rebeka Alipokataa Kushukuru

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, hata na sisi tuliosoma sana tukachelewa kumwelewa!

Wenye umri wangu mnakumbuka nilivyorudi Igamba kufundisha, kutoka chuo kikuu kule Uganda, nimevaa tai katikati ya mibuni. Nilikuwa na majibu mengi, ila swali lenyewe lilikuwa bado halijafika. Lilifika mke wangu Rebeka alipojifungua binti yetu wa kwanza.

Ndugu zangu, Rebeka alinyamaza. Uji aliuacha ukapoa. Mtoto akilia, aligeukia ukutani. Mama yangu alisema kuna mtu kule kijijini Mpemba anatuonea kijicho. Daktari wa serikali alisema hana homa. Mimi nilitaka kujua: ni ugonjwa gani huu usiopandisha joto, usio na kidonda, lakini unamla mtu? Nilipekua vitabu vyangu vyote. Kimoja kilieleza vizuri sana magonjwa ya ng'ombe.

Kwa upendo, tukamwondolea mtoto. Mama alimbeba kutwa nzima, akamrudisha kunyonya tu. Rebeka akazidi kukonda, tukaanza kuogopa kwamba tutamzika.

Katika usharika wetu, mnajua, mzazi akimaliza siku zake za kukaa ndani huja kanisani na mtoto, akasimama mbele na kushukuru kwa sauti. Tukadhani shukrani itamfungua. Mama akamvika kanga mpya, tukamsimamisha na mtoto mikononi. Watu wakangoja.

Rebeka akasema polepole, "Siwezi kushukuru. Namwogopa huyu mtoto. Nikiwa naye naona kama nitamdhuru."

Mama yangu akajifunika uso. Mwinjilisti akafungua Biblia, akaifunga. Ndipo akasimama Mama Yohana, mke wa mzee wa kanisa, mwanamke mkali ambaye hata mbuzi walimpisha njia.

"Mwanangu," akasema, "Yohana wangu alipokuwa mchanga nilimlaza ndani, nikakaa nje nikiomba aje mtu amchukue. Sijawahi kulisema hili."

Akasimama mwingine. Halafu mwingine. Nikageuka kuwatazama. Niliwafahamu wote tangu utoto, na hilo sikulifahamu. Mama Yohana akanielekea.

"Na wewe, mwalimu, baba mtoto. Unalala?"

Nikasema silali.

"Basi wagonjwa ni wawili. Tuwaombee wote."

Ndugu zangu, Bwana alianzia hapo! Baada ya maombi wanawake wakapeana zamu. Mmoja alichota maji, mwingine aliketi na Rebeka wakichambua kahawa, mtoto yuko kati yao. Hawakumwacha peke yake, wala hawakumhimiza afurahi. Wanaume wakaniita kupalilia nao ili nizungumze. Nilizungumza mno, sijaona shamba likimalizwa haraka vile.

Wokovu wetu ulikuja kidogo kidogo. Rebeka akaanza kula. Akaanza kubishana na mama yangu, nasi tukafurahi, isipokuwa mama. Msimu uliofuata wa kuvuna kahawa mtoto alilia, na kabla hatujainuka Rebeka akasema, "Mleteni. Ni wangu."

Ninamshukuru Mungu aliyetusikia tukiwa hatuna cha kushukuru. Nyumbani kwako akiwapo mzazi aliyenyamaza, mwamini Mungu huyu, kisha nenda ukaketi naye. Na kama aliyenyamaza ni wewe, njoo ulivyo. Rebeka yuko pale, benchi la mbele. Amekuachia nafasi.