Risala kwa Dk. Fides, Kuhusu Kucha ya Mzee Anania

Mgeni rasmi, Dk. Fides, binti yetu uliyeturudia na miwani,

KARIBU
Sisi mafundi wa bushi na mashine za nafaka hapa Mpemba tunakupokea kwa furaha. Miaka mitano bila kukuona ni mingi. Tumenuna kidogo tu, na hilo tutalifikia.

TULIKOTOKA
Mwaka 1987 vipuri havikuonekana. Bushi ya shaba, ile pete ambamo chuma cha mashine huzungukia, ikilika, tuliyeyusha mabomba chakavu tukachonga nyingine. Soko likafunguliwa, beringi zikaja kwa maboksi, na bwana mkubwa mmoja akasimama hapa hapa akasema, "Ninyi kazi yenu imekwisha, sasa kila kitu kinanunuliwa." Tunamkumbuka mpaka rangi ya soksi zake. Beringi zile zilikufa kabla ya msimu kuisha, mashine zikarudi kwetu.

KOSA LETU LA MWAKA 2009
Ulikuja ukiwa mwanafunzi, unapima vyuma vinavyosuguana. Kwa heshima yako tuliing'arisha bushi ya mashine ya kukoboa mpunga ya kule Kamsamba mpaka ikawa kioo. Ukajitazama humo ukaweka kitambaa cha kichwa sawa. Tulipoifunga haikumaliza magunia manne. Moshi! Mama Nyanzobe, mwenye mashine, akapaza sauti: "Mmeniletea mashine au pambo?"

Mzee Anania akaifungua, akapitisha kucha ya dole gumba, akakuuliza, "Mwanangu, hapa mafuta yatalala wapi?" Akaikwaruza kwa tupa, mistari ya kukatana, akapaka mafuta. Mashine ilikoboa mpaka jua likazama.

MAFANIKIO
Ulicheka, kisha ukaacha kucheka. Ukaenda kuichorea kompyuta yako uso wa chuma wenye vilima na mabonde, ikakokotoa mafuta yanakaa wapi na chuma kitalika lini. Jibu likaja lile lile la kucha. Tulitamba mtaa mzima. Sadoki, katibu wetu, alinunua soda kwa mara ya kwanza maishani mwake.

CHANGAMOTO
Kitabu chako cha utafiti huo kilifika. Mwalimu Ferista akatusomea ukurasa wa shukrani: "mafundi wa mtaani." Basi! Profesa wako ametajwa kwa majina matatu. Mzee Anania alisikiliza, akasema, "Ametusalimu, mtoto mzuri." Yeye hakuumia. Tuliumia sisi.

Kubwa zaidi, vidole vyake vinakufa ganzi. Tangu Januari mkono wa kulia haumwambii kitu. Wa kushoto bado unahisi, ila daktari hakutupa matumaini. Sisi wanafunzi wake tumeshika labda robo ya anachojua, kwa sababu hawezi kukisema akiwa mikono mitupu; hukisema akiwa anagusa.

OMBI
Hatuombi jengo. Ratiba inasema gari lako linaondoka saa tisa. Tunaomba liondoke bila wewe. Kaa siku tatu na kile kipimo chako. Yeye apitishe kucha, wewe upime na kuandika anachosema. Na safari hii uandike jina lote: Anania Silwimba, fundi, Mpemba.

Leo hatukung'arisha kitu. Meza ile ina bushi kumi zilizolika, na grisi yake, na viti viwili. Kimoja amekikalia yeye tangu asubuhi. Mkono wa kushoto ameshaunawa.

Mungu akutunzie macho, naye Mzee amtunzie vidole vilivyobaki.

Ni sisi tunaokupenda,
Umoja wa Mafundi Bushi na Mashine za Nafaka,
Mpemba, Tunduma, Septemba 2014